Mkalimani Aliyekwenda Kuketi

Habari ya kifo chake niliipata Nyabugogo, hapa Kigali, kibandani kwa shangazi yangu, nikimpimia mteja kitenge. Dereva mmoja wa Kitanzania alisimama mbele ya meza yetu, turubai limekunjwa begani, akaniuliza kama namjua fundi mwingine wa maturubai. Nikamwambia hakuna mwingine wa kuaminika, aende tu Kimisagara kwa mzee wetu. “Nimetoka huko, dada,” akasema. “Kumefungwa. Jirani kaniambia mzee kafariki juzi, wanazika kesho.” Alipoona nimebaki nimeshika kitenge bila kukikata, akashusha turubai lake chini. “Pole. Nilidhani unajua. Si ndiye aliyekuwa anatufasiria pale kanisani kwenu?” Ndiye. Na ni kweli nilipaswa kujua. Kutoka kibanda chetu hadi karakana yake, mtu anayetembea taratibu huku akiimba hamalizi nyimbo tatu. Aliugua wiki mbili, homa ya malaria iliyokataa dawa, na katika wiki hizo mbili mimi sikuziimba nyimbo hizo tatu.

Ninyi mnaoisoma safu hii mnanijua kwa kuota mchana. Nimewaandikia humu juu ya duka la vitabu nitakalofungua Gisimenti, katikati ya baa, ili mlevi akikosea mlango aangukie kwenye kitabu. Siku mkataba wa amani uliposainiwa Arusha niliwaandikia kwamba nilicheza barabarani na vitambaa vya watu begani, na shangazi akanifukuza na mwavuli. Leo sina ndoto ya kuwapa. Nina mzee mmoja.

Kwa msiolijua kanisa letu, ni jengo la tofali la udongo chini ya bati, bondeni Kimisagara, katikati ya gereji na maseremala. Ibada ni ya Kinyarwanda. Lakini benchi la mwisho, karibu na mlango, ni la wageni: madereva wanaosubiri mizigo itoke forodhani, makanika wa Kizaire, na yeyote ambaye lori limemlaza Kigali hadi Jumapili. Kwa ajili yao mchungaji alimsimamisha mzee pembeni yake, afasiri Kiswahili sentensi kwa sentensi. Mchungaji ni mrefu. Mzee kichwa chake kilifika kwenye mfuko wa koti la mwenzake. Na mzee alikuwa na desturi ya kufasiri hadi mikono. Mchungaji akiinua mkono wa kulia, wa mzee unafuata. Mchungaji akipiga hatua mbili kama Petro juu ya maji, mzee naye anakwenda, ila hatua zake fupi, zinakuwa nne. Sisi wanakwaya tuliokaa ubavuni tulificha nyuso nyuma ya vitabu vya nyimbo. Kiswahili chake alikiokota barabarani, miaka yote aliyokuwa utingo kati ya hapa na Dar es Salaam, mpaka mguu ulipobanwa na gurudumu akakaa chini kushona maturubai. Ndiye aliyenifundisha hiki ninachowaandikia, mimi niliyeishia darasa la nane. Nilikuwa nampelekea karatasi zangu, naye anazipiga mistari kwa chaki ya fundi. “Hapa umepita mbio, mwanangu,” ananiambia. “Msomaji ameachwa njiani na mzigo wake.”

Kuna Jumapili moja ya zamani siisahau. Mchungaji alikuwa anahubiri juu ya neema, akasema ni kama mtu aliyekupa ng'ombe. Kwetu hapo huna haja ya kuongeza neno. Ng'ombe wa kupewa anaunganisha nyumba mbili kwa vizazi, na aliyepewa huapa kwa jina la aliyempa. Lakini mzee alitazama benchi la nyuma, akawaona makanika wanamkodolea macho tu, kwa sababu kwao ng'ombe ni nyama. Akakohoa. Kisha akaanza: “Ndugu zangu, ni kama umeharibikiwa na lori porini. Mvua inanyesha. Huna tairi la akiba. Anakuja mtu usiyemjua, anasimama, anashusha tairi lake, anakufungia yeye mwenyewe huku analowa, halafu anaondoka hajakuuliza hata jina.” Benchi zima la nyuma likasema amina kwa sauti ya watu waliowahi kulala porini. Mchungaji akageuka, akamtazama chini. “Mzee, mbona ng'ombe mmoja amechukua safari ndefu hivyo?” Naye akajibu, “Mchungaji, ilibidi avuke mpaka.” Kanisa lilicheka hadi watoto wakaamka.

Na mchungaji alicheka kuliko wote. Naliandika hili makusudi, maana si haki kumchora mtu kama vile alizaliwa na giza. Mchungaji huyo ndiye aliyenibatiza. Siku ile aliwaambia wakubwa wote waliobatizwa nami waache vitambulisho vyao mezani kabla ya kuingia majini. Mnajua kitambulisho chetu kina ule mstari unaosema mtu ni wa kabila gani, ule ambao askari kizuizini hutazama kabla ya kutazama uso. Alisema, “Mnaingia bila mstari huo. Mkitoka, msiutafute.” Nilikuwa msichana mdogo, nimelowa, natetemeka, nikaamini kwamba maji yale yamefuta kitu katika nchi.

Halafu vita vikaanza kaskazini, barabara ya huko ikafungwa, malori yote yakawa yanazungukia Rusumo, mpaka wa Tanzania. Vikaja vyama vingi, na kila chama na kofia yake, na vijana wake wa kupiga filimbi. Wanaume wenye kofia za chama kimoja wakaanza kuja kanisani na kukaa benchi la mbele. Mchungaji akawa anawasalimia kabla ya wajane. Sikuona siku ambayo mahubiri yaligeuka. Yaligeuka kama maziwa yanavyogeuka, unajua tu ukishaonja. Siku moja ilikuwa hadithi ya mfalme Sauli, aliyekataliwa kwa sababu alimbakiza hai mfalme wa adui ambaye hakutakiwa kumbakiza. Tukaelezwa taratibu, kwa sauti nzuri, kwamba huruma nayo yaweza kuwa uasi. Siku nyingine mchungaji akasema tuna majirani wanaokula nasi mchana na kupeleka habari zetu kwa adui. Tuyajue majumba yao. Mzee, pembeni yake, mkono juu kwa sababu mkono wa mchungaji ulikuwa juu, akawaambia wa benchi la nyuma: “Ndugu zangu, tuna majirani. Tuyajue majumba yao, ili wakiugua tukawatazame.”

Mimi nilisikia lugha zote mbili, na nilifurahi, nisiwafiche. Nilimfinya mwenzangu wa kwaya, tukachekea ndani. Nikaona ni ujanja mtamu ambao Mungu mwenyewe angeupenda: sumu inaingia upande huu, inatokea upande ule imekuwa asali. Miezi mingi ikapita hivyo. Nilirudi nyumbani nikaota kwamba kila mhubiri wa nchi hii, na kila redio, angepewa mzee mfupi wa kusimama pembeni.

Ulioniamsha ni mdomo wa makanika mmoja wa Kizaire kutoka Bukavu. Baada ya ibada alimshika mzee mikono yote miwili pale mlangoni. “Muzee, pasta yenu iko mutu ya Mungu kabisa. Kwetu tunasikia Kigali iko moto, watu iko nachukiana. Kumbe hapa ni upendo tu. Nikifika Bukavu nitaambia bandugu wote.” Mzee alimwitikia, lakini hakutabasamu. Kesho yake nilimpelekea karatasi yangu ya safu karakanani, nikamkuta ameketi chini, mguu mbovu ameunyoosha, turubai limemfunika hadi kiunoni. Hakuigusa karatasi.

“Ulimsikia yule wa Bukavu?”

“Nilimsikia. Alifurahi sana, Mzee.”

“Alifurahi kwa sababu nimemdanganya.” Akaligeuza turubai, akanionyesha upande wa chini. “Unaona hiki? Huyu fundi wa kabla yangu ameweka kiraka kwa ndani. Dereva anatazama juu, haoni kitu, anaondoka anapiga mluzi. Mvua ndiyo inakiona. Sukari imelowa yote.”

“Lakini wewe unasema maneno mema.”

“Namwambia nani? Watu kumi ambao Jumatatu wanawasha lori wanaondoka. Wale wanaobaki hapa, wanaokaa nyumba kwa nyumba, wamemsikia yeye. Na mimi wananiona nimesimama pale. Akiinua mkono, nainua. Niambie wewe, mwanangu, ukiwa umekaa kule mbele, ungesema huyu mzee anakubali au anakataa?”

Nilitafuta jibu zuri, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kutafuta jibu zuri. Mwisho nikasema, “Ningesema anakubali.”

“Basi,” akasema, na akavuta uzi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mvua, bati likipiga kelele, ikambidi mchungaji apaze sauti. Alifika mahali akawaita watu wa kabila moja kwa jina la mdudu, mende. Mnalijua, redio imewazoesha. Akasema amhurumiaye mdudu huyo ni mdudu mwenzake, na akainua ngumi. Sisi wanakwaya tulijua kwanza kwa macho: mikono ya mzee haikuinuka. Ilikuwa imeshika Biblia tumboni kama mtu aliyeshika sahani ya moto. Ngumi ikabaki juu peke yake. Kisha mzee akasema kwa Kiswahili, bila haraka: “Ndugu zangu wa nyuma, mchungaji amesema hivi.” Akayafasiri yote, moja moja, na lile neno akalifasiri pia, halikupungua hata mguu. Akaendelea: “Siku nyingi nimewapa maneno yangu mkadhani ni yake. Nisameheni. Haya ndiyo yanayosemwa hapa. Mimi nimesoma kitabu hiki tangu nikiwa utingo, na sijapata mahali ambapo Yesu ameyasema.” Halafu akarudia sentensi ile ya mwisho kwa Kinyarwanda, akiwatazama wa mbele. Akateremka, akapita katikati ya kanisa akichechemea, na akaenda kuketi benchi la nyuma. Madereva wakasogea, wakampa nafasi.

Ninyi msomao mtangoja niseme nani alimfuata. Nilingoja hata mimi. Kulikuwa na kimya cha kutosha mtu kusimama, watu hata kumi kusimama, na katika kimya hicho nilisikia mvua tu. Mchungaji akashusha ngumi, akatabasamu kwa huzuni kama daktari. “Mzee wetu amechoka,” akasema. “Kwaya.” Mwenzangu wa kulia akaninong'oneza, “Imba.” Nikaimba. Nisiwadanganye kwamba niliimba kwa kutetemeka. Tuliuimba vizuri sana wimbo ule, sauti nne, na sehemu ya juu ilikuwa yangu. Ulikuwa wimbo wa sifa. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kufunika kile kimya, na uliifanya kazi hiyo.

Tangu hapo benchi la nyuma liko tupu. Madereva wana njia zao za kupashana habari, na sasa wanajua. Mzee hakuvunjiwa karakana wala kupigwa; walimwacha tu. Akina mama waliokuwa wakimsalimia kila asubuhi wakaanza kupita ng'ambo ya mtaro. Mimi niliacha kumpelekea karatasi zangu. Nilijiambia kibanda kina kazi, nilijiambia akipoa moyo nitakwenda, na nilipoambiwa anaumwa nilijiambia nitakwenda Jumamosi. Nchi hii ina kanisa kila kilima. Tunabatizana, tunasimamiana ndoa, tunajua nyimbo zilezile kutoka mlima hadi mlima. Nimekuwa nikidhani hiyo ni kinga yetu. Sasa nasoma upya kurasa za mwanzo za Biblia na naona jambo ambalo hakuna aliyenihubiria: mauaji ya kwanza hayakuanzia kilabuni wala sokoni. Ndugu wawili walikuwa wametoka kutoa sadaka. Walitoka ibadani pamoja, wakaenda shambani. Kwa hiyo mtu asinifariji tena kwa kuniambia makanisa yamejaa.

Kumzika tulikuwa watu tisa. Mchungaji alituma ujumbe kwamba ana mkutano. Jeneza lilibebwa na jirani yake seremala, Mwislamu, aliyelitengeneza mwenyewe, pamoja na yule dereva wa Kitanzania na utingo wake, na mwanamume mmoja nisiyemjua. Kaburini mjane aliuliza kwa sauti ndogo, “Nani atasema neno?” Wote wakanitazama, maana nilikuwa wa kwaya. Mimi, ninayejua maneno mengi hivi, nikamtazama dereva. Dereva akavua kofia. “Mungu,” akasema, “huyu baba alitushushia tairi lake. Mpokee.” Kisha akanigeukia, kana kwamba kazi yangu ndiyo hiyo, na nikamfasiria mjane kwa Kinyarwanda. Yeye mume wake hakuwahi kumsimulia habari ya tairi. Ilibidi nimweleze pale pale, tope miguuni, ng'ombe na mpaka na yote. Alicheka kidogo, halafu akakaa chini.

Baada ya mazishi desturi yetu ni kurudi nyumbani kwa marehemu kunawa mikono pamoja. Huondoki na udongo wa kaburi, na humwachi mfiwa anawe peke yake. Mjane alishika birika, beseni likiwa juu ya kigoda, mlangoni mwa karakana. Tulipita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika akanimiminia taratibu, macho kwenye maji. “Ni wewe mtoto wa kwaya, wa magazeti,” akasema. “Alikuwa akikungoja. Kila mlango ukigongwa anasema huyo ni yeye, analeta karatasi yake.” Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayekabidhi kitu alichowekewa. “Chaki aliiacha karibu na mto wake.”

Katika Maandiko kuna mtu mwingine aliyeletewa beseni. Pilato alikuwa anajua ukweli, mke wake alimwonya, na aliogopa kelele za watu. Basi akanawa mbele yao akasema yeye hamo. Nimelisikia somo hilo kila Pasaka na kila mara nilijiweka miongoni mwa wanawake waliolia njiani. Sasa nilikuwa nimeinama juu ya maji yenye udongo, mikono yangu ikiwa ndani, na sikuweza kujua nanawa kama mfiwa au nanawa kama yule liwali. Maji ni yaleyale. Mjane akanipa taulo, nikajifuta, na mikono ilikuwa safi kabisa, jambo lililonitisha.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuketi benchi la nyuma. Msinisifu, benchi lilikuwa tupu na hakuna aliyeuliza. Mchungaji alihubiri, pembeni yake hakuna mtu. Kwaya iliposimama nilisikiliza sehemu yangu ya juu, nikidhani pengine wimbo utayumba. Msichana mwingine aliichukua. Haukupungua kitu. Nilikaa pale nikafahamu jinsi mzee alivyosikia siku ile, akitusikiliza sisi tukimfunika kwa sauti nne.

Mniruhusu basi niwape nililojifunza, na limechelewa. Neno baya halihitaji watu wengi wa kulisema. Linahitaji mmoja wa kulisema, mmoja wa kulilainisha, na kwaya ya kuimba baada yake; na mbele ya Mungu sioni kama sisi watatu tutaulizwa kwa foleni tofauti. Safu hii nayo imekuwa kiraka cha ndani. Nilikuwa naijua Kigali niliyoisikia kwa masikio yangu, nikawaandikia nyingine, yenye mwavuli na duka la vitabu, mkaondoka mnapiga mluzi. Nisameheni. Ya leo nimeishona kwa nje, mshono mnauona wenyewe. Nimeipitia kwa chaki yake, aliyoniachia, na hakuna sentensi niliyoweza kuifuta. Mvua za msimu huu bado hazijaisha, na ninapoandika nasikia filimbi za vijana wa vyama zinapanda kutoka bondeni.